Ubwiriunga (ugonjwa wa kuvu wa unga mweupe) kwenye mikorosho: awamu tatu za salfa na mashada bado yanakauka. Kosa liko wapi?

#1 Bibo Jekundu
Wakuu, salaam. Shamba liko Tandahimba, mikorosho 140, nafasi mita 12 kwa 12. Salfa ya unga imepulizwa tarehe 20 Juni, 8 Julai na 27 Julai, alfajiri, kwa mashine ya mgongoni yenye injini, mfuko mmoja wa kilo 25 kila awamu. Leo tarehe 6 Agosti ukikata shada, nusu ya vitumba vya maua vina unga mweupe, na mashada ya chini yameshageuka rangi ya kahawia. Jirani anasema ugonjwa umeizoea salfa, nihamie dawa ya maji. Awamu ya nne iwe salfa au maji? Na kama salfa imeshindwa, imeshindwa kwa sababu gani?

#2 Fundi Bloa
Kabla ya kuilaumu salfa, piga hesabu. Kilo 25 kwa miti 140 ni gramu 178 kwa mti. Kipimo cha mti mkubwa ni gramu 250 kwa awamu. Miti 140 inataka kilo 35. Umepulizia dozi pungufu mara tatu mfululizo.

Halafu pima mashine yenyewe. Weka kilo 5 kwenye tangi, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu miti mpaka tangi liishe. Ikifika miti 20, mashine na miguu yako viko sawa. Ikifika 28, ama unatembea mbio ama kitundu cha kutolea unga kimefunguliwa kidogo. Ikiisha kwenye mti wa 13, unamwaga. Na salfa iliyovuta unyevu hufanya mabonge, mabonge yanaziba, wewe unaona injini inanguruma na moshi wa njano unatoka, kumbe kinachotoka ni robo ya kinachotakiwa. Ichekeche kwa chekeche ya unga asubuhi hiyohiyo. Usijaze tangi usiku likalala na salfa ndani.

#3 Kusi la Asubuhi
Hesabu ya #2 ni nzuri, ila mimi naona tatizo kwenye kalenda. Toka 20 Juni hadi 8 Julai ni siku 18. Toka 8 Julai hadi 27 Julai ni siku 19. Utaratibu ni siku 14, awamu 5. Salfa ya unga haipenyi ndani ya mmea, inakinga pale ilipoangukia tu. Shada la korosho linarefuka na kutoa matawi madogo kila siku, kwa hiyo kitumba kilichotoka siku ya tatu baada ya kupulizia hakina hata chembe ya salfa. Kuvu hii inapenda kitu kichanga: jani laini, kitumba, kikorosho kichanga. Jani likishakomaa halishikiki tena. Zile siku 4 na 5 za ziada zimeangukia palepale maua yanapochomoza kwa wingi.

#4 Mama Shamba
Hamjambo. Nyote mnaongea kuanzia Juni, mimi naomba turudi Mei. Yale machipukizi ya ndani ya mti na maotea ya kwenye shina yalikatwa? Kuvu hii haina pa kuishi mti ukiwa na majani magumu yaliyokomaa, inajihifadhi kwenye machipukizi laini yaliyo kivulini chini ya mti. Mti ukianza kutoa majani mapya na maua, mbegu za ugonjwa zinapanda kutoka humo humo chini. Ndiyo maana mashada ya chini yanaanza kufa kwanza, kama ulivyosema mwenyewe. Kata machipukizi hayo kabla majani mapya hayajachipua, toa nje ya shamba au choma. Kazi ya panga la siku mbili inapunguza mzigo ambao salfa italazimika kuubeba miezi mitatu.

#5 Bibo Jekundu
Asanteni. Fundi, sikueleza vizuri: miti 40 ni midogo, kimo cha mtu na zaidi kidogo, haina maua, haikupuliziwa. Mfuko ulienda kwenye miti 100 mikubwa. Kusi, tarehe ni kweli, salfa ilichelewa kutufikia. Mama, machipukizi yalikatwa kwenye safu za barabarani tu.

#6 Fundi Bloa
Basi miti 100 kwa kilo 25 ni gramu 250 kamili. Naondoa lawama ya dozi, sijaondoa ya mabonge.

#7 Mama Shamba
Miti 40 haikupuliziwa! Bibo, hapo ndipo moto ulipo. Mkorosho mdogo unatoa majani laini karibu mwaka mzima, hauna msimu kama mkubwa. Hata bila ua hata moja, ule ni ghala la ugonjwa lililo wazi. Kimo hicho nusu dozi inatosha, gramu 125 hivi. Miti 40 ni kilo 5 tu kwa awamu. Na safu za ndani zisizokatwa machipukizi zinaongeza.

#8 Darubini10
Naomba tusiende mbali bila kuuona mti. Mashada kukauka kuna wahusika watatu na kila mmoja ana dawa yake.

Ubwiriunga: unga mweupe wa kijivu kama umenyunyiziwa unga wa muhogo, ukipitisha kidole unafutika. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 unaona nyuzi zimetambaa juu ya ngozi ya kitumba na juu yake vijiti vimesimama. Kitumba hakifunguki, kinakuwa kahawia na kubaki kimening'inia.

Mbu wa mikorosho (Helopeltis): hakuna unga. Kwenye kikonyo laini kuna makovu marefu meusi yaliyobonyea, mara nyingine na tone la utomvu, halafu ncha inakauka ghafla kama imebabuliwa na moto. Huyu ni mdudu, salfa ya miaka kumi haimtoi.

Blaiti: inaanza kwenye majani machanga, madoa ya kahawia yenye kingo nyeusi, majani yanapukutika, vikorosho vichanga vinakuwa vyeusi. Hii hufuata unyevu wa mvua.

Bibo, nusu ya vitumba vina unga, hilo tumelisikia. Yale mashada ya kahawia je, yana unga au yana makovu? Ukipulizia dawa ya kuvu palipo na mbu, umepoteza siku 14 nyingine.

#9 Pwani Kilifi
Hamjambo ndugu. Huku Kilifi mti huu twauita mkanju, na ugonjwa ni ule ule. Langu ni hali ya hewa. Salfa hufanya kazi kwa mvuke wake pia, si kwa kuigusa kuvu peke yake, na mvuke wahitaji joto. Chini ya nyuzi 18 au 20 inalala. Huko kwenu juu ya nyanda za Makonde, Julai asubuhi ni baridi na ukungu, siku za mawingu zafuatana. Salfa imekaa kwenye jani lakini haijaamka, na kuvu yenyewe haihitaji tone la maji, unyevu wa hewa wamtosha. Pwani jua likitoka saa 3 salfa yaanza kazi. Lakini pia ikizidi nyuzi 32 yaweza kuunguza maua, kwa hivyo si kwamba joto jingi ni bora.

#10 Kusi la Asubuhi
Kilifi, karibu na mkanju wako, hapa utatoka ukiuita mkorosho. Lakini joto silikubali kama sababu kuu. Mchana wa Julai hata Newala unapita nyuzi 20, na wakulima wa huko huko wanavuna kwa salfa. Kwa nini tunapulizia alfajiri? Kwa sababu upepo wa Kusi bado haujaanza kuvuma. Unga ukitolewa saa 4 unaishia shamba la jirani.

#11 Mama Shamba
Na umande, Kusi. Unga unanata kwenye umande. Umande ukikauka hata bila upepo nusu inadondoka chini.

#12 Kusi la Asubuhi
Umande unasaidia, ila ningechagua asubuhi kavu isiyo na upepo kuliko yenye umande na upepo.

#13 Nachingwea Kwetu
Wakuu, swali la mwenye mada lilikuwa salfa au maji na hamjamjibu. Dawa za maji za kundi la triazoli (triadimenoli, heksakonazoli, penkonazoli na ndugu zake) zinaingia ndani ya mmea, kwa hiyo zinafika hata kwenye kuvu iliyoanza kuota ndani ya siku chache zilizopita. Triadimenoli hutumika mililita 10 hadi 15 kwa lita moja ya maji, lita hiyo kwa mti mmoja, awamu 3, kila siku 21. Lebo ya chupa yako ndiyo ya kufuata, maana nguvu ya kiambato inatofautiana. Awamu 3 badala ya 5, upepo mdogo hauharibu, macho hayawashi. Kwa ugonjwa uliofika nusu ya vitumba, mimi ningepiga maji sasa hivi.

#14 Fundi Bloa
Maji lita 1 kwa mti, miti 100, ni ndoo 5 za lita 20 kila awamu. Nachingwea mnaweza kuyapata. Juu ya nyanda za Makonde maji hununuliwa na kubebwa, salfa haitaki hata tone. Usimpangie mwenzako bila kujua kisima kiko wapi.

#15 Bibo Jekundu
Ndoo 5 zinapatikana. Tatizo ni jirani kusema salfa imezoeleka. Je, ni kweli?

#16 Darubini10
Hapana. Salfa inashambulia kuvu sehemu nyingi kwa mpigo, kuvu haina mlango mmoja wa kufunga. Imetumika kwenye mizabibu Ulaya tangu karne ya 19 na bado inafanya kazi. Zinazozoeleka ni hizo za maji alizozitaja #13. Triazoli zote zinafunga hatua moja tu ya utengenezaji wa ngozi ya seli ya kuvu. Kuvu wachache wenye tofauti ndogo mahali hapo wanapona, wanazaana, na ukirudia dawa ileile mwaka hadi mwaka shamba linabaki na hao tu. Kubadilisha jina la kopo hakusaidii kama kiambato ni cha kundi lilelile. Soma namba ya kundi kwenye lebo: triazoli ni kundi 3, strobilurini (dawa nyingine za kuvu) ni 11, salfa ni M02. Ukitumia maji, zungusha na salfa.

#17 Nachingwea Kwetu
Nakubali kuzungusha. Sikubali kwamba tatizo la Bibo ni la kalenda peke yake. Miti ya korosho iliyopandwa kwa mbegu haitoi maua pamoja. Kuna inayotangulia mwanzoni mwa Juni na inayofuata Agosti. Ukisubiri shamba lote lichanue ndipo uanze 20 Juni, iliyotangulia imeshaugua na inaambukiza. Iliyotangulia inapulizwa peke yake, mti kwa mti, mapema.

#18 Jani Bichi
Habari zenu. Mbona hakuna anayetaja Trikoderma? Ni kuvu rafiki, anakula kuvu wabaya, hana sumu. Naona inauzwa kila duka la pembejeo.

#19 Majimoto
Jani Bichi, Trikoderma ni askari wa udongoni. Anafaa kwenye udongo wa kitalu, mizizi, magonjwa ya mnyauko na kinyausi (miche kuoza shinani). Ubwiriunga unaishi juu ya ngozi ya kitumba, kwenye hewa na jua, huko Trikoderma anakauka kabla hajafanya lolote. Anayeshambulia ubwiriunga hasa anaitwa Ampelomaisesi: anaingia ndani ya nyuzi za kuvu na kuzaliana humo. Lakini anataka unyevu mwingi, anafika baada ya ugonjwa kuwepo, na yeye mwenyewe ni kuvu, salfa inamuua. Huwezi kumweka Jumatatu na salfa Ijumaa. Basilasi (Bacillus subtilis) ni bakteria, anavumilia salfa zaidi, ila anakinga tu. Pulizia jioni, maji yasiwe na klorini, na usitegemee aokoe shada lililokwisha kuwa jeupe.

Kibaolojia kinachofanya kazi vizuri kwenye mkorosho ni kwa mbu aliyemtaja #8: wale chungu wekundu wanaoshona majani, majimoto. Mti wenye viota vyao hai una makovu machache ya mbu. Unganisha miti kwa kamba ili watembee. Lakini ukipiga dawa ya wadudu ya pairethroidi kwa ajili ya mbu, unawaua majimoto kwanza. Na majimoto hawagusi ubwiriunga, nisieleweke vibaya.

#20 Mpima Udongo
Samahani kuingia pembeni, ila hili linasahaulika. Salfa yote inayodondoka chini bakteria wa udongo wanaigeuza kuwa tindikali. Gramu 250 mara 5 ni kilo 1.25 kwa mti kwa mwaka. Kwa nafasi ya mita 12 ni miti 69 kwa hekta, yaani kilo 86 hivi za salfa. Kuizimua kilo 1 ya salfa kunahitaji takriban kilo 3 za chokaa ya kilimo. Udongo wetu wa kichanga hauna uwezo wa kujikinga, kila mwaka unashuka kidogo. Mkorosho unavumilia. Karanga na kunde zilizopandwa kati ya miti hazivumilii: zinadumaa, karanga zinatoa maganda matupu kwa kukosa kalsiamu. Pima udongo wa chini ya mti na wa katikati ya safu, uone tofauti. Chokaa kilo 4 kwa mti kwa mwaka inatosha kufuta salfa yote ya mwaka huo, hata kama yote ingeanguka chini.

#21 Jani Bichi
Asante Majimoto, nimeelewa. Ndiyo maana wengine wanasema ubwiriunga uliua korosho yetu ya zamani na salfa ikaja kumalizia udongo?

#22 Mpima Udongo
Ubwiriunga haukuanza anguko. Korosho ya Tanzania ilifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kisha ikaanza kushuka: watu walihamishiwa vijiji vya Ujamaa wakayaacha mashamba mbali, bei ikawa mbaya. Ubwiriunga umeripotiwa nchini mwaka 1979, mavuno yakiwa yameshashuka sana. Ulikuta mashamba yameachwa, vichaka vimejaa, machipukizi kila mahali, ukashamiri. Kufikia 1986/87 tulikuwa chini ya tani 20,000. Salfa ilirudisha mavuno, udongo ni deni lake.

#23 Mama Shamba
Umesema neno langu: vichaka na machipukizi. Naongeza misongamano. Matawi ya miti miwili yakishikana, hewa haipiti, unyevu unakaa hadi saa 4, na unga wa mashine haufiki katikati. Kwa mita 12 miti ya zaidi ya miaka 20 imeshashikana. Punguza matawi baada ya mavuno, au toa mti mmoja kati ya miwili.

#24 Nachingwea Kwetu
Kutoa mti mzima kwa sababu ya ubwiriunga? Mama, hapo utamkosesha mtu usingizi.

#25 Mama Shamba
Mti uliobanwa unazaa juu tu, pembeni hakuna kitu. Akiutoa, wa jirani yake unazaa mzunguko mzima.

#26 Fundi Bloa
Usalama jamani, haujatajwa. Unga wa salfa hewani unashika moto. Unga ukipita kwenye bomba la plastiki unazalisha umeme tuli, cheche moja karibu na tangi la petroli na mtu anawaka na mashine mgongoni. Ule mnyororo mdogo unaokuja na bomba la unga unaburuzwa chini kwa kazi hiyo, wengi wanautupa siku ya kwanza. Usiongeze mafuta injini ikiwa ya moto, usivute sigara. Miwani iliyoziba pembeni, barakoa, shati la mikono mirefu. Ukiwashwa macho, osha kwa maji mengi, usifikiche. Na usichanganye salfa na dawa yenye mafuta, acha wiki mbili kati yake, vinginevyo maua yanaungua na utadhani ni ugonjwa.

#27 Bibo Jekundu
Nimerudi shambani na lenzi. Nimekagua miti 10, mashada 4 kila mti, moja kila upande.
1. Mashada ya kahawia mengi yana unga. Machache yana makovu meusi bila unga, kwa hiyo mbu yupo ila si wengi.
2. Upande unaotazama Kusi ni mbaya kuliko upande wa pili, karibu kwenye kila mti.
3. Safu mbili zinazopakana na miti midogo ndizo zimeathirika zaidi.
4. Mti mmoja katikati ya shamba mashada yake yote ni masafi, na umezungukwa na miti michafu.

#28 Mama Shamba
Namba 3 ndiyo niliyoisema. Midogo inaambukiza mikubwa.

#29 Kusi la Asubuhi
Namba 2 inasema vingine. Nani yuko upande wa Kusi wa shamba lako? Kama ni shamba lililoachwa, mbegu za ugonjwa zinapepea kutoka huko kila siku, na ukipulizia siku 14 au 18 zitakuja tu.

#30 Fundi Bloa
Au mpuliziaji anasimama upande wa Kusi akisukuma unga na upepo. Unga unapita juu ya matawi yaliyo karibu naye na kutua upande wa pili. Upande aliosimama unakosa. Zunguka mti, elekeza bomba kutoka chini kwenda juu ndani ya matawi, acha wingu litulie. Bibo, mpuliziaji alizunguka?

#31 Bibo Jekundu
Hakuzunguka, alipita safu kwa safu. Na upande wa Kusi kuna shamba lisilopaliliwa. Yote mawili.

#32 Darubini10
Namba 4 isipotee. Mti safi katikati ya michafu, uliopata salfa ileile siku ileile, huenda una uvumilivu wa asili. Au umechanua nje ya wakati ukaponea. Upige shina rangi, uangalie tena mwakani. Ukiwa safi misimu miwili na korosho zake ni nzito, hapo ndipo pa kuchukua vikonyo vya kubebeshea ile midogo 40. Watafiti wa korosho wa kituo cha Naliendele walianza kuchagua mikorosho yao bora kwa kuangalia miti ya namna hiyo.

#33 Nachingwea Kwetu
Ukitaka jibu la salfa au maji, ligawe shamba. Miti 10 iliyoshambuliwa sawa, piga maji: lita 10, mililita 100 za triadimenoli kama lebo inaruhusu. Mingine salfa. Funga uzi kwenye mashada 5 ya kila mti kabla ya kupulizia, hesabu vitumba vyenye unga siku ya 14.

#34 Bibo Jekundu
Nimeamua hivyo. Tarehe 10 Agosti, miti 90 mikubwa salfa gramu 250, midogo 40 gramu 125, jumla kilo 27 na nusu, imeshachekechwa. Miti 10 maji. Machipukizi ya ndani yanakatwa kesho. Uzi mwekundu nimeufunga leo.

#35 Fundi Bloa
Hiyo miti 10 ya maji isiwe upande wa Kusi wala karibu na midogo, la sivyo siku ya 14 hutajua umepima dawa au umepima mahali.

#36 Kusi la Asubuhi
Na isiwe karibu na ule mti safi.

#37 Bibo Jekundu
Nafungua nyuzi, nafunga upya. Nitaleta hesabu tarehe 24.